Ukuta wa Shemeji

Shemeji,

Salamu kutoka nyumbani. Mama mkwe hajambo, ila meno yanamsumbua, na bado anamfokea paka kama binadamu. Mawaridi yako nayamwagilia kila jioni kama ulivyoniagiza. Yamestawi kweli.

Barabara yetu inaongezewa njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu, ile ile uliyoifuta kwenye ramani ulipokuwa mhandisi mkuu. Mdogo wako alikusihi mezani kwangu, nawe ukacheka huku unatafuna: "Hiyo ni gharama kwa umma, bwana mdogo. Wewe pita pembeni tu."

Mume wangu akapita pembeni. Lori likamfuata huko huko, yeye na baiskeli yake. Kile kipande cha njia kilichobaki wazi, ukakijengea ukuta na kupanda hayo mawaridi.

Wapimaji wamekuja. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa sasa ni mimi, basi waliponiuliza mpaka wa barabara, niliwaonyesha. Ile X nyekundu ukutani kwako, kopo la rangi nililishika mimi. Fidia hupati, maana ulijenga ndani ya barabara.

Umeniandikia niwaombe wapindishe njia, wauache ukuta. Mkuki kwa nguruwe, eti? Lakini wewe ni shemeji yangu, siwezi kukunyima jibu. Nimewaambia maneno yako mwenyewe: kupindisha ni gharama kwa umma.

Tingatinga linakuja kesho asubuhi. Leo mawaridi sikuyamwagilia.

Ni mimi,
mjane wa mdogo wako.