Nilivyotafsiri Hamu ya Mama Wekesa

Mpendwa mdogo wangu Barasa,

Kosa tunalofanya wengi wetu ni kudhani kwamba neno la Kiingereza "want" ni "taka" yetu iliyovaa suti. Nakueleza hili hata kabla ya kukujulia hali kwa sababu kosa hilo limetukaa shingoni mwezi huu wote. Sasa nikusalimu. Mko aje hapo Kitale? Mgongo wako umepoa? Mahindi yamefika wapi? Sisi huku Uingereza tunapumua, lakini sitakudanganya kwamba tu wazima.

Unakumbuka mwanangu Wekesa alituleta huku baada ya figo za mama yake kukataa kazi, ili apate mashine ya kusafisha damu. Mashine ilimsaidia, kisha ikaanza kumchosha. Asubuhi moja mke wangu akazimia bafuni. Wekesa akapiga simu hospitalini akilia, akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake "wants to die".

Wewe na mimi tunaelewa. Mama anataka kufa, yaani yuko karibu kufa, kama vile mvua inataka kunyesha au ukuta wa jiko unataka kuanguka. Ukuta hauna nia yoyote. Lakini "want" ya Waingereza ni nia, ni moyo kuelekea kitu. Waliopokea simu wakaelewa kwamba mama huyu anajitakia kifo.

Alipozinduka hospitalini wakamweka chumba cha peke yake, muuguzi akakaa mlangoni kumlinda. Wakamvua kitambaa cha kichwa na mshipi wa rinda, asije akajinyonga navyo. Daktari akamuuliza polepole kama ni kweli anataka kufa. Naye, kwa kile Kiingereza chake kidogo, akajibu kwa adabu:

"Ndiyo, daktari. Hata jana nilitaka."

Alimaanisha kwamba jana pia aliponea chupuchupu. Nilipofika nikamkuta kichwa wazi, akiwa na aibu, hajui amekosa nini. Nikamvuta Wekesa kando.

"Lakini baba, si ndivyo tunasema?"

"Ndivyo tunasema nyumbani. Hapa umewaambia mama yako anatamani kaburi."

Akakaa chini, sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wake.

Kesho yake niliomba kuketi na daktari, mwanamke mpole wa makamo. Nilimweleza kwamba lugha yake imegawanya kutaka mafungu mafungu. "Want" ni kutaka kwa kila siku, kama chai. "Wish" ni kutaka jambo ambalo pengine halitakuja kamwe. "Crave" ni mwili wenyewe kudai, kama mjamzito anavyodai kula udongo, asitulie mpaka aupate. "Long" ni moyo kutengwa na kilicho chake. Hiyo sisi tunaiita hamu, na hamu inaweza kumkondesha mtu. Lakini hakuna hata fungu moja linalomaanisha kukaribia, kama "taka" yetu. Daktari alisikiliza, akaomba radhi, akaenda mwenyewe kumrudishia kitambaa chake. Nikadhani nimeshinda.

Kisha akasema, "Mwalimu, basi nisaidie nimuulize sawasawa. Anataka kuendelea na mashine?"

Nikamgeukia mke wangu kitandani. "Mama Wekesa, daktari anauliza unataka nini."

"Ati nataka? Si mmenikataza hilo neno?" Akacheka mpaka akakohoa.

"Sema tu. Mimi nitalitafutia lake."

"Basi mwambie kufa sina hamu nako. Nani ana hamu na kufa? Nina hamu ya mama yangu. Nina hamu ya kuamka nisikie watu wakiongea na mimi naelewa. Hii mashine imetosha."

"Lakini ukiiacha, unajua..."

"Mwalimu, najua. Tafsiri."

Barasa, katika miaka yote niliyosimama darasani sikuwahi kupewa sentensi nzito namna hiyo. Ningeweza kuipunguza. Ningesema amechoka tu kidogo, na daktari asingejua. Nilitafuta kweli neno la kumrudisha kwenye mashine, naye akinitazama midomo. Mwisho nikasema "long". Nikasema anajua kwamba bila mashine ni siku chache. Daktari akauliza mara ya pili, nami nikajibu vilevile.

Kwa hiyo yule mgonjwa aliyepona mliyekuwa mkimngojea hatakuja. Watamsafisha damu asubuhi ya Jumamosi, jioni tupande ndege kurudi nyumbani. Daktari hakunificha kwamba huenda asifike akiwa hai. Wekesa anasonga ugali, anauweka mezani, unapoa, hakuna anayeugusa. Nikijaribu kusali maneno yanakwama. Sina tumaini la kukutumia, ndugu yangu. Nimelitafuta sana.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Wekesa, na sitaki asikie tena habari ya neno lake. Barua hii inaletwa kwa mkono na rafiki anayetutangulia.

Msalimie mkeo, aliyemfungia Mama Wekesa mizigo kwa furaha siku ile tukija. Msalimie shangazi yetu wa Sirisia, umweleze taratibu, moyo wake si wa kushtuliwa. Na mchungaji wetu wa Naitiri mwambie aje tu akae nasi, asihubiri.

Ni mimi kaka yako, kando ya kitanda chake,
Simiyu

Nimesahau jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama mkwe wangu bado yuko Kamukuywa na hajaambiwa. Kwa mila zetu haingii nyumba ya mkwewe, kwa hiyo Mama Wekesa tutamlaza kwa jirani yetu mjane hapo Naitiri, wapate kukaa pamoja bila kizuizi. Ukimaliza kusoma usingoje kesho. Nenda Kamukuywa leo, umlete mama yake Naitiri.