Theta Yenye Mkia wa Panya

Ermoupoli, Jumatano

Kaka Argyris,

Sisi wazima. Mama amekuwekea mtungi wa zeituni. Herufi za kiwanda cha chapa cha babu nimemaliza kuzichora upya kwenye kompyuta. Theta, ile “th” ya jina langu, imefifia kwenye vitabu vyake vyote, kwa hiyo nikaibuni mwenyewe, ikatoka na mkia wa panya.

Jana, kwenye nguzo ya hapa mlangoni tunapobandika matangazo ya mazishi, nilikuta tangazo lenye jina langu. Eti nazikwa Jumamosi. Jirani yetu Mama Marouso akanipiga bega: “We Anthousa, si ungeniambia mapema nikaloweka ngano ya kugawa msibani!” Nikacheka naye.

Nilitaka kwenda polisi. Halafu nikaiona theta katikati ya jina langu. Ina mkia wa panya.

Herufi hizo hazijatoka bado kwa watu, kaka. Nilikutumia wewe peke yako uzikague, kabla hatujagombana nilipokataa tuuze kiwanda.

Mama sijamwambia. Usingizi sipati. Kitasa nimebadilisha. Pasaka usije.

Dada yako, niliye hai bado,
Anthousa