Masahihisho ya Insha ya Rehema

Hombolo, Dodoma
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Halima,

Shikamoo yako niliyoikuta kwenye mstari wa kwanza wa barua nimeipokea, marahaba, ingawa safari hii nimeitikia shingo upande. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Miguu ya mama inaendeleaje na hiyo baridi ya Lushoto? Mimi ni mzima. Vumbi la huku na upepo wake tumekwisha kuzoeana, maji ya bwawa yamepungua lakini hayajatutupa, na mizabibu ya nyuma ya nyumba imeanza kuchipua. Habari njema zinaishia hapo.

Nataka tuzungumze juu ya karatasi uliyoikunja ndani ya barua yako.

Kazi yangu unaijua. Kila Ijumaa darasa la sita na la saba wananiletea insha, nami Jumamosi nzima nakaa na kalamu nyekundu. Zamani tulipokuwa tunasoma sisi, insha zilikuwa tatu tu: kilimo, umoja, na adui ujinga. Siku hizi hakuna kisichoandikwa. Nimetoa Soko Huria, mmoja akaniandikia kuwa ni soko ambalo mgambo hamfukuzi mtu, nikampa tiki. Nimetoa Vyama Vingi, mwingine akasema tangu vije, baba yake na baba yake mdogo hawali tena sinia moja. Kwenye Siku Nisiyoisahau, msichana alieleza mama yake alivyonunua koti la mtumba mnadani, wakakuta mfukoni tiketi ya treni ya Ulaya, na mpaka leo wanaitunza ndani ya Biblia. Faida za Ng'ombe ndiyo usiseme. Wagogo wakianza kuandika juu ya ng'ombe, daftari halitoshi.

Ila wengi hunakiliana. Nikisoma "ndege waliimba nyimbo nzuri na jua likachomoza kwa madaha" kwenye madaftari kumi, najua mwandishi ni mmoja. Ndiyo maana miaka yote nawaambia neno moja: andika unachokijua wewe, kile ambacho jirani yako wa dawati hawezi kukunakili. Na anayekosea sentensi namwandikisha masahihisho, mara tatu chini ya insha, kwa mwandiko mzuri. Hilo halina msamaha kwa mtoto yeyote.

Basi ndipo ikaja ya Rehema. Ukaniandikia kwa furaha zako, "Dada, ona mwanao anavyojua kuandika, kapata kumi na tisa juu ya ishirini, amekurithi." Niliifungua nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake. Ndiyo, kitanda. Sikukwambia, nilitaka ukione siku utakapotusindikiza huku. Ni futi mbili na nusu kwa sita, fundi amenichongea, na godoro nimelinunua mjini, maana sasa yamejaa madukani na huombi kibali kwa mtu. Nimekiweka katika chumba cha pili, kwani tulikubaliana kwamba Januari, akishamaliza la nne, atakuja kukaa nami. Nilikuachia akiwa na miaka mitatu, homa haimtoki, walimu wanne tunalala chumba kimoja, na baba yake keshaoa kwingine. Nilisema mwaka mmoja tu. Huu ni wa saba.

Nimeisoma mara nyingi mpaka imekaa kichwani. Ngoja nikurudishie, uisikie kama nilivyoisikia mimi:

"MAMA YANGU. Mama yangu anaitwa Halima. Ni mrefu kuliko mlango wa jiko letu kwa hiyo akiingia huinama, na akisahau hugonga kichwa na kusema astaghafirullahi. Mama akitaka kujua kama naumwa hanigusi, hunusa nywele zangu. Hapendi nile plamu mbichi lakini yeye anakula. Ana kovu mkono wa kulia. Alilipata siku nilipoteleza karibu na mafiga, akaikamata sufuria ya maharage kwa mkono mtupu ili isinimwagikie. Mimi nililia yeye hakulia. Pia nina mama mwingine, yuko Dodoma, hunitumia madaftari na sare. Nampenda mama yangu."

Halima, wivu ulinishika mpaka masikio yakapata moto. Usiseme dada anatania. Nilijiambia umeniletea talaka kwa mkono wa mtoto. Nilijiambia umemsomea neno kwa neno naye akaandika, ili Januari nikija nikukute umejitengenezea cheti. Yule mwalimu wake naye nilimlaumu, kumi na tisa za nini, mtoto hajaweka hata aya. Hapa nilikuwa nimeandika mstari mmoja nikaukata, usihangaike kuusoma juani. Ulikuwa juu ya wewe kutojaliwa mtoto, na ningekufa nao moyoni kama ungekufikia.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliurudia huo msemo usiku kucha kama mtu anayesoma uradi. Uchungu niliuona mimi, pale hospitali, siku mbili. Wewe ulikuwa nje ya dirisha umeshika chupa ya chai.

Asubuhi nikafanya jambo ambalo mwalimu peke yake ndiye angelifanya. Nilichukua kalamu nyekundu nikaisahihisha ile insha. Nikalikata jina lako, juu yake nikaandika Mwanaidi. Nilisikia raha, sikufichi. Nikashuka sentensi ya pili. Ni mrefu kuliko mlango: mimi ni mfupi, nikaikata. Hunusa nywele: sijawahi, mimi natumia kipimajoto cha shule. Nikakata. Plamu, nikakata, maana huku plamu hakuna. Nikafika kwenye kovu.

Kovu lile nilikwisha kuliona. Likizo iliyopita, ile ambayo serikali ilitoa nauli, tulikuwa tunakaanga maandazi pamoja nikakuuliza, ukasema, "Mafuta tu, dada." Nami nikakucheka mbele ya shemeji kwamba mdogo wangu mtu mzima hajui kupika. Ukacheka na wewe. Ulinyamaza kwa nini? Uliogopa nitamchukua? Au ulinihurumia? Nimekasirika kwa yote mawili. Mwanangu nusura aungue usoni, mimi niko huku nafundisha Usalama Nyumbani, na sikuambiwa.

Nilipoitazama karatasi, ilikuwa nyekundu yote, na kilichosalia kinachonihusu ni jina langu juu na mstari mmoja chini wa madaftari na sare.

Jumatatu nilikwenda darasani na hasira ileile. Nikaandika ubaoni, MAMA YANGU, ukurasa mmoja. Nilitaka nione wangapi wataongopa, ili nipate pa kupumzikia. Wakainama wakaandika. Kuna msichana mmoja darasa la sita anaitwa Nyemo, analelewa na bibi yake. Mama yake yuko Morogoro kwenye biashara ya nguo, miaka sasa. Akaja mezani na daftari lina kichwa cha habari peke yake.

"Mwalimu, naomba nibadilishe."

"Ubadilishe nini?"

"Niandike juu ya bibi. Mama simjui vizuri, nitadanganya."

Nikamuuliza, "Kwani mama yako hakupendi?"

"Ananipenda, mwalimu. Ameniletea hivi viatu."

"Basi andika hivyo."

Akavitazama viatu vyake. Hakuwa na utundu wowote, mtoto mwenye adabu sana. Akasema, "Viatu ni sentensi moja, mwalimu. Umesema ukurasa mzima."

Nikamwambia aandike anachokijua. Ndilo neno nililolisema miaka yote, likanitoka lenyewe, na lilipotoka nilijua nimejihukumu. Nilitoka nje nikajifanya natazama kama mvua inakuja. Mvua ya Dodoma ya mwezi huu, mtu akikuona unaitafuta atadhani umechanganyikiwa. Mwalimu mkuu akapita na baiskeli akaniuliza, "Kwema, mwalimu?" Nikasema kwema.

Sasa nisikilize. Wivu haujaisha, usije ukadanganyika. Ukimnusa nywele leo jioni ujue kuna mtu Hombolo roho inamuuma. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana: msemo huo nao naujua, nimeufundisha, nimetungia hata mtihani, na sijawahi kuuchukia kama wiki hii. Lakini insha ya Rehema hukumsomea wewe. Mtu hamsomei mtoto habari ya kugonga kichwa mlangoni. Ile ni insha ya kweli, na kama angekuwa mwanafunzi wangu ningempa ishirini, yule mwalimu wenu kamnyima moja ya bure.

Januari sitakuja kumchukua. Kitanda sikiuzi, kitakaa. Mwezi wa kumi na mbili nakuja mwenyewe, zamu hii hakuna nauli ya serikali lakini nitakuja, na nitakaa likizo yote, si zile siku tano zangu za kukimbilia basi. Nitalala chumba kimoja na Rehema. Nataka aniudhi, nami nimuudhi, anione nikikasirika na nikikoroma. Mambo ya kukaa wapi tutamuuliza yeye, tukiwa sote wawili tumekaa mbele yake, na wewe usimpikie maandazi asubuhi ya siku hiyo, nakujua.

Mwamkie sana mama, mwambie shikamoo yangu na dawa ya kuchua nitakuja nayo. Msalimie shemeji Athumani, mwambie nilikosea kukucheka mbele yake, atajua. Mjomba fundi cherehani naye mpe salamu, akishona kitambaa changu cha sare safari hii asimpunguzie mtoto mikono kama sare ya mwanzo.

Nimekurudishia ile karatasi humu ndani. Samahani kwa wekundu. Jina lako nimeliandika upya pale nilipolikata, kwa kalamu ileile, maana nyingine sina. Mwambie Rehema kwamba aliyekosea ni msahihishaji, na kwa sheria ya darasa langu anayekosea huandika masahihisho mara tatu. Utayaona chini kabisa ya ukurasa. "Mama yake Rehema anaitwa Halima." Nimeiandika mara moja, nikaiandika ya pili. Ya tatu mkono umenikatalia, mdogo wangu. Nimeuacha mstari mtupu. Msiujaze mpaka nifike.

Ni mimi dada yako, ninayekuonea wivu na kukushukuru,

Mwanaidi