Jina la Rafaeli Katika Daftari la Marehemu

Durban, Novemba 1998

Mpendwa mwanangu Daudi,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Oaxaca, na iwe na Mama Eulalia, ambaye sijamwona kwa macho lakini namtaja katika sala kila asubuhi. Nakala moja ya barua hii naituma kwako. Nyingine nimeibandika kwenye ubao wa matangazo katika ukumbi wetu nyuma ya kanisa, mahali pale pale ambapo kamati ya jumuiya yetu ya sala ilitaka nibandike barua ya kuomba radhi. Wakija Jumapili, Watanzania, Warundi na Wakongo, wataikuta hii. Kwa sababu hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua, asiwepo wa kusema hakuelewa.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa ukikaa benchi la mwisho karibu na mlango, Mmarekani mrefu, mwalimu wa hesabu, mwenye shati lililopauka kwa jua. Siku moja baada ya misa nilikuwa nikikusanya vitabu vya nyimbo, nikakusikia ukisali rozari peke yako kwa lugha nisiyoijua. Nilisimama. Seminarini nilikaa miaka saba, na ingawa sikuufikia upadre, Kilatini hakikunitoka. Uliposema "Santa María, Madre de Dios", nilijikuta nikiitikia, "ora pro nobis peccatoribus", yaani utuombee sisi wakosefu. Uligeuka, ukacheka. Tuliimaliza rozari ile hivyo hivyo, wewe kwa Kihispania, mimi kwa Kilatini, na hakuna aliyempoteza mwenzake njiani.

Nilikuuliza Mmarekani amejifunzia wapi kusali Kihispania. Ulinijibu ukinitazama usoni, kama mtu aliyechoka kujificha. Ulikuwa na miaka kumi na tisa baba yako, mhubiri, alipoikuta barua uliyoandikiwa na mvulana mwenzako, akakufungulia mlango utoke. Miaka mingi ikapita hujasali kwa lugha yoyote. Kisha ukampata Rafaeli, muuguzi, ukampenda, naye akakupeleka kwao Oaxaca, Meksiko. Mama yake, ndiye Mama Eulalia, alikuwa akisaga mahindi. Alikutazama, akafuta mikono, akakusogezea kiti. Katika jiko lake ulijifunza Kihispania: kwanza majina ya vyungu, baadaye utani wa majirani, mwisho sala.

"Kwa Kiingereza Mungu alikuwa akinifokea tu," uliniambia. "Kwa Kihispania aliniita mwanangu."

Kisha nikasema neno ambalo leo nalikiri mbele ya wote. Nilikuuliza, "Na umetubu?"

Hukukasirika. Ulisema, "Baba, Mama Eulalia hakuniuliza hivyo. Aliniuliza kama nimekula."

Nilirudi nyumbani nimeudhika nawe. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba niliyeudhika naye ni mimi mwenyewe.

Mwezi wa Mei ulikuja hadi Mobeni, kwenye lango la kiwanda ninakokata vitambaa, saa ya chakula cha mchana. Ulikuwa bado umeshika kadi ya simu. "Rafaeli amefariki," ulisema. "Moyo. Wanamzika kesho, siwezi kuwahi." Alikuwa amerudi Oaxaca kumtunza mama yake, akikungoja umalize mkataba wako wa kufundisha. Ukanieleza kwamba kwao, baada ya maziko, husali kwa siku tisa mfululizo. "Mama ataanza kesho. Nami ningependa kuanza kesho. Lakini sina wa kusali naye."

Nilikujibu, "Unaye."

Hivyo nikawa nikipanda lifti ya jengo lako la South Beach kila jioni, pamoja na Mama Chantali, yule mjane wa Kirundi anayeuza vitenge, ambaye hajawahi kukosa msiba wa mtu yeyote. Ulikuwa umechora msalaba sakafuni chini ya picha ya Rafaeli, kama wafanyavyo kwao kwa chokaa, nao husali mbele yake mpaka siku ya tisa, ndipo huuzoa kwa heshima na kuupeleka kaburini. Chokaa hukupata. Ulitumia mchanga wa ufukweni. Mimi ulinieleza hayo. Mama Chantali hakuna aliyemweleza. Siku mbili za kwanza alisali amefumba macho, na siku ya tatu, ulipokuwa jikoni ukichemsha chai, akatwaa ufagio.

"Eh, Daudi!" aliita. "Wewe unaenda baharini, unarudi na viatu, unaleta mchanga yote ndani! Iko chafu hivi, na wageni wanakuja kusali?"

Nilipogeuka, nusu ya msalaba ilikuwa tayari kwenye kizoleo. Ulisimama mlangoni na birika mkononi. Nilidhani utalia. Ulicheka, mwanangu, ukacheka mpaka ukakaa chini, ndipo ukalia. Mama Chantali alipoelewa alipiga magoti. "Pole, pole sana mtoto wangu! Mbona hamukuniambia? Mungu wangu, nimefagia msalaba ya marehemu!" Ukamwambia Rafaeli angeicheka siku hiyo maisha yake yote. Tuliuchora upya sisi watatu, kwa vidole. Siku ya tisa tuliuzoa, nawe Agosti ukasafiri nao. Najua sasa mchanga wa Durban uko juu ya kaburi lake.

Nimekaa katika misiba tangu utoto wangu Tanzania. Sijaona mjane aliyeomboleza kwa adabu kuliko wewe.

Kabla hujaondoka kwenda kuishi na mama yake, ulinijia na ombi moja. Mama Eulalia alitaka jina la mwanawe litajwe kila mahali ulipoishi wewe, ili asiwe mgeni kokote. Nilitoa daftari letu la marehemu, ambalo kila mtu huandikisha wafu wake, jina na uhusiano, nami hulisoma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nilishika kalamu. Nikaandika: "Rafaeli, rafiki wa Daudi."

Ulisoma polepole, kwa Kiswahili chako cha kujifunza. "Baba, marafiki ninao wengi," ulisema. "Huyu alikuwa mmoja tu."

Niliuona woga wangu ukiwa umeandikwa kwa mkono wangu, tena mwandiko mzuri. Nikaukata mstari ule, nikaandika: "Rafaeli, mwenzi wa maisha wa Daudi." Ukatia kidole juu ya maneno yale, ukaondoka.

Oktoba kamati ikaniita. Mwenyekiti, Bwana Method, mwenye duka Pinetown, alikuwa amelifungua daftari mezani.

"Shikamoo, Mzee Anselmi. Sisi tunakuheshimu sana. Lakini hii, eish, mzee, hii utaisomaje mbele ya watoto?"

"Marahaba. Nitaisoma kama ilivyoandikwa."

"Basi tusaidiane. Jina tunaliacha. Wewe sema 'rafiki', yaishe. Nani ataumia?"

"Mama yake."

"Mama yake yuko Meksiko huko! Atasikia wapi?"

"Na marehemu wako wewe, Method, wanasikia wapi?"

Mjumbe mmoja akacheka, akajizuia. Bwana Method akafunga daftari. Nikisoma lile neno, alisema, nitaomba radhi kwa maandishi au nitaacha kuwaongoza katika sala, kazi niliyoifanya tangu tulipokuwa watu sita tu bila ukumbi.

Jumapili ya kwanza ya Novemba nilisimama ukumbini. Majina yetu yamepangwa kwa herufi. Nikasoma, "Paulina, mke wa Anselmi," ambaye ni mke wangu, nao wakaitikia, "Apumzike kwa amani." Jina lililofuata lilikuwa la Rafaeli wako. Nikasoma, "Rafaeli, mwenzi wa maisha wa Daudi."

Nilisikia viti vikikwaruza sakafu, si itikio. Sikuendelea na jina jingine, kwa kuwa marehemu hapitwi bila kuitikiwa. Nilingoja. Kisha kutoka nyuma, kwa sauti ile ile anayoitia wateja, Mama Chantali akaitikia, "Apumzike kwa amani!" Wakafuata wachache, wakafuata wengine. Si wote. Bwana Method hakufungua kinywa. Nami sikumngoja yeye.

Sasa nasema na hao watakaosoma ubaoni. Mimi si mtu wa kuvunja mafundisho niliyolelewa nayo. Yapo maswali ambayo bado nabishana nayo nikiwa nimepiga magoti, na huenda nikafa sijayamaliza. Lakini kuwaombea wafu niliamriwa, na sikuamriwa kuwachagua. Nilifundishwa pia kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi, nanyi mliniomba niutoe katika sala, juu ya marehemu, kwa ajili ya utulivu wenu. Maana ya kusali pamoja mimi niliipata katika nyumba ya kijana huyu. Mnaniambia amewaaibisha. Aliwapikia chai. Aliwafundisha watoto wenu hesabu kila Jumamosi katika ukumbi huu. Kama mwenzi wake hafai kutajwa karibu na mke wangu, nifutieni Paulina kwanza.

Sitaomba radhi. Daftari nimelikabidhi jana, na funguo za ukumbi nazirudisha leo. Watakaotaka kusali rozari nami wanajua ninapoishi, na Mama Chantali ameshatangaza kwamba atakuja na mkeka wake.

Nawe, mwanangu, usihuzunike kwa ajili yangu, wala usiniandikie kwamba umeniponza. Nilivyopoteza nimevitoa mwenyewe. Mungu akutunze katika nyumba hiyo iliyokupokea. Jambo moja tu nakutuma: keti karibu na Mama Eulalia, mshike mkono, umwambie kwa lugha yenu kwamba Durban jina la mwanawe limesomwa lote, na likaitikiwa.

Ni mimi baba yako,
Anselmi