Maana ya Dharura

Jumatatu, 27 Februari 1984

Nimechemsha sindano kumi na mbili. Mbili zimeziba. Nimezizibua kwa waya, nimechemsha tena. Sabuni hakuna, vyombo tunaviosha kwa majivu. Nyumbani Maisaka unga wa njano siku ya tano mfululizo. Watoto wameacha kulalamika, na hilo linaniudhi kuliko malalamiko yenyewe.

Mwalimu Rukia alifika saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, kwa miguu kutoka Singe. Ana kisukari tangu akiwa chuo cha ualimu. Anajichoma mwenyewe, lakini insulini yake inakaa kwenye friji yetu ya mafuta ya taa, kwa hiyo kila asubuhi lazima tuonane kabla hajaenda shuleni. Nikampima mkojo: matone machache kwenye dawa ya bluu, kichupa motoni. Ikibaki bluu, vizuri. Ikigeuka rangi ya tofali, balaa. Leo kijani. Nikamwambia mji mzima unapanga foleni ya sukari na yeye anaimwaga chooni. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nampenda binti huyu. Chupa yake imebaki ya siku mbili tu. Nyingine iko njiani, wanasema. Nimechoka na "wanasema".

Jumanne, 28 Februari

Dawa imekuja. Gari la misheni limeleta chupa nne kutoka Arusha. Nilishangilia peke yangu stoo.

Halafu nikasoma karatasi ya ndani ya boksi. Ile tuliyokuwa tukitumia ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Hii imetolewa kwa nguruwe.

Nikampelekea Daktari. Akasema ninyamaze. Dawa ni dawa, karatasi ni ya Kiingereza, nani ataisoma? Nikamwambia Rukia ni mwalimu. Akasema basi itupe.

Sijaitupa. Imo mfukoni mwa gauni. Mimi ni Mkatoliki wa Mbulu, nguruwe nikimpata namla na kumshukuru Mungu. Lakini paja litakalochomwa si langu.

Jumatano, 29 Februari

Nimemwambia. Nilisubiri ajichome dozi ya mwisho ya ile ya zamani, kisha nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili, akaikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa.

Akasema, "Asante kwa kutonificha, Mama Paulina. Nitamwuliza Shehe."

Nikamwuliza kwani yeye mwenyewe haoni jibu. Akasema ndiyo sababu hataki kujijibu. Anaogopa kufa, na mwenye woga ataona kila kitu ni halali. Atamwomba Shehe aje awaulize watu wa hospitali, si yeye.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Mimi ningejijibu haraka sana.

Alhamisi, 1 Machi

Asubuhi alikuja, tukampima, hakujichoma. Anasubiri jibu.

Saa tano Shehe Mahmudu akaja. Ni Mrangi wa Kondoa, fundi wa redio pale karibu na soko, ndiye anayeswalisha msikitini. Mimi nilikuwa na akina mama wa kliniki hadi nje, watoto wanalia kwa zamu, mzani umekwama. Akasimama dirishani, akasalimia, akauliza swali moja: hali ya Rukia ni dharura?

Sikuinua hata kichwa. Nikasema hapana Shehe, si dharura, mbona anatembea, asubuhi kaenda kazini. Nilidhani namtoa wasiwasi. Kwetu dharura ni yule anayeletwa juu ya mlango uliong'olewa, damu zinachuruzika. Akashukuru, akaondoka na baiskeli yake.

Jioni Rukia ametuma ujumbe: Shehe amesema asubiri ya ng'ombe.

Nimeshindwa kula. Mtu wa Mungu gani huyu? Anatengeneza redio za watu, binadamu anamwacha aharibike. Nimeyaandika na siyafuti.

Ijumaa, 2 Machi

Rukia hakuja asubuhi. Saa mbili nikaacha wodi, nikaenda Singe.

Alikuwa amelala mkekani. Ametapika usiku kucha. Anavuta pumzi ndefu ndefu, na pumzi inanuka ndizi iliyoiva ikapitiliza. Mama yake anampa maji, anayarudisha. Nikaanza kumsema Shehe hapohapo, bila adabu, mbele ya mama wa watu.

Rukia akafumbua macho. Akasema polepole, "Lakini alikuuliza, Mama Paulina. Wewe ndiye uliyemwambia si dharura."

Nilikaa chini. Ndipo nikaelewa. Dharura yake Shehe ni ya kwenye vitabu vyao: mtu aliyefikia mahali pa kupoteza uhai na njia ya halali hana. Akifika hapo, kilichokatazwa kinafunguliwa. Aliniuliza kama mlango huo umefunguka. Mimi nikamjibu habari za machela.

Tulimleta kwa baiskeli, mimi nasukuma, mama yake anamshikilia asianguke. Kichupa kikatoka rangi ya tofali. Daktari akamtundikia dripu, imebaki moja tu stoo, akavuta insulini. Rukia akaufunika mguu wake kwa khanga. Akasema mpaka Shehe aseme. Daktari akanigeukia mimi kwa hasira. Alikuwa na haki, ingawa si kwa sababu ya karatasi kama anavyodhani.

Nikakimbia. Msikitini watu walikuwa wanatawadha kwa ajili ya Ijumaa. Nesi mzima na kofia nyeupe, msalaba shingoni, nimesimama bombani katikati ya wanaume. Wakapisha. Shehe alikuwa ameosha mguu mmoja. Nikamweleza yote, na kosa langu.

Hakunilaumu. Akauliza, "Akikosa dawa hii, itakuwaje?"

"Atakufa, Shehe. Kesho, au leo."

Akauliza kama ipo nyingine popote Babati. Nikasema haipo, na Arusha wamesema haipo. Akauliza kama Daktari naye anasema hivyo, nikasema twende ukamwulize. Akamwambia mzee aliyekuwa jirani yake aswalishe, akavaa viatu na mguu mmoja mkavu, tukaenda.

Alimwuliza Daktari maswali yaleyale mawili. Kisha akachuchumaa karibu na kitanda. Nilikuwa nimeshika bomba la sindano, nilisikia kila neno.

"Binti yangu, nilikosea. Nilipokea jibu kabla sijamaliza kuuliza. Dawa hii sasa ni halali kwako, na kuikataa ndiyo makosa. Uhai si wako wa kuutupa."

Rukia akamwuliza kitu ambacho mimi nisingekiwaza. Je, aseme bismillahi, kwa kitu cha nguruwe?

Shehe akasema, "Sema."

Akasema. Nikachoma.

Jumamosi, 3 Machi

Rangi ya machungwa asubuhi. Jioni njano. Amekunywa uji, umekaa tumboni. Mama yake hakutoka kitandani kwa mwanae. Hatujazungumza, mimi na yeye. Namkwepa.

Jumapili, 4 Machi

Kijani.

Misa ilikuwa ndefu. Sikusikia mahubiri. Nilimwomba Mungu anisamehe yale niliyoandika Alhamisi.

Jumatatu, 5 Machi

Issa, mfagiaji wetu, anaswali msikiti ule. Ameniambia kilichotokea Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Shehe alisimama mbele ya watu wote, akasema ametoa hukumu kwa pupa na nusura mtu afe. Hakuuliza inavyotakiwa. Kama kuna mwingine aliyeacha dawa kwa neno lake, amfuate dukani, wakae pamoja na watu wa hospitali.

Nikamwuliza Issa, na nesi alisemwaje? Issa akashangaa. Nesi yupi?

Hakunitaja. Angeweza kusema alimwuliza mtaalamu, mtaalamu akampotosha, na ingekuwa kweli tupu. Kosa lote akalibeba peke yake. Nimefanya kazi na wakubwa miaka kumi na minne. Kosa likitokea hushuka ngazi mpaka linamfikia mfagiaji. Huyu alilizuia kwake.

Jumatano, 7 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimekuja kazini na paji jeusi. Rukia ameruhusiwa jana, leo amekuja kujichoma mwenyewe, amekonda, anatania. Ameniuliza kama sabuni imekosekana mpaka kanisani.

Saa nane Shehe alikuja na daftari la shule. Amekaa na Daktari na mimi karibu saa nzima. Anataka kujua tunasema nini tunaposema hatari, tunaposema nafuu, tunaposema anaweza kusubiri. Asubiri siku ngapi? Alifungua maneno yetu kama anavyofungua redio, skrubu moja moja, anaipanga mezani. Aliuliza kuhusu spiriti tunayopangusia ngozi. Aliuliza kama damu ya Mkristo ikiingia kwa Mwislamu madaktari wanaona tofauti. Daktari, aliyeanza na uso wa kununa, mwishoni alikuwa anamchorea kongosho.

Nami nikauliza langu. Je, Rukia ataendelea na hii ya nguruwe siku zote? Shehe akasema mlango umefunguliwa kwa upana wa haja tu. Siku ya ng'ombe ikipatikana, anarudi kwa ng'ombe siku hiyohiyo. Na hadi hapo asijichome huku moyo unamsuta, kwa sababu hafanyi dhambi.

Nilidhani dini yao ni ukuta kati yangu na mgonjwa. Wameyafikiria haya mambo kabla ya babu yangu kuzaliwa. Wanauliza kwanza anayejua mwili, kisha ndipo wanahukumu. Lakini wanataka huyo anayejua ainue kichwa anapojibu.

Alipoaga nilitaka kusema kitu kuhusu Ijumaa. Nikasema, "Karibu tena, Shehe."

Mwoga mimi.

Jumamosi, 10 Machi

Zamu imeisha saa sita. Mvua ilikuwa imeanza. Sikwenda nyumbani, nilikwenda Singe.

Rukia alikuwa shuleni anasahihisha madaftari. Mama yake alikuwa peke yake mlangoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia. Nikakataa kiti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, matope yamefika magotini: kwamba Shehe alikosea kwa sababu yangu, kwamba aliniuliza na mimi nikamjibu bila hata kumtazama, kwamba mwanae alikaribia kufa kwa neno langu, na watu hawajui.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Najua. Rukia aliniambia siku ileile, tukiwa bado hospitalini. Nilikuwa nakusubiri."

Akasogeza ungo, akanipa nafasi. Nikakaa. Tukachambua maharage mpaka mvua ikakatika.