Sayari ya Baba Haipo

Jumapili, Kisarawe. Wingu zito toka asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Leo tumemaliza matanga ya baba, na mimi nimeyamaliza vibaya.

Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha uani. Nje wanawake wanasugua masufuria ya pilau, na kila wanapokaribia dirisha langu wanapunguza sauti. Najua wananisema. Waache waseme.

Kwa asiyenijua: nafundisha fizikia sekondari moja kule Kibaha, naishi Tumbi, sina mume na sina haraka. Jioni zangu huishia kwenye nyota. Iko darubini inayoelea angani, mbali kabisa juu ya mawingu yetu, inapima mwanga wa nyota maelfu kwa maelfu na kutuma vipimo duniani. Wataalamu wenyewe, Wazungu, hawawezi kuvikagua vyote, kwa hiyo wanatuwekea mtandaoni sisi wa kujitolea. Ninachokiona si nyota, ni grafu. Mwanga ukipungua kidogo, ukarudi, kisha ukapungua tena baada ya muda uleule, huenda kuna sayari inapita mbele ya nyota yake. Huenda. Nilimwambia baba neno hilo, nina hakika, na yeye hakulisikia.

Mwaka jana nilipata moja. Wataalamu wakaipokea, wakasema wataihakiki kwa darubini kubwa za huku chini. Nikampigia baba simu. Ijumaa iliyofuata alisimama nje ya msikiti akatangaza kwamba mwanawe ameona dunia nyingine. Walimcheka, wakampachika jina la Mzee Sayari, na yeye akaliitikia kwa maringo. Hata maradhi yalipomlaza, waliokuja kumjulia hali aliwaambia wasubiri majibu, wataona aibu. Heshima yake yote ya uzeeni aliiweka kwenye mstari mmoja wa grafu yangu. Akafa majibu hayajaja.

Yamekuja leo.

Nilikuwa nachambua mchele na shangazi simu ilipotetemeka. Barua fupi, ya adabu, ya kuua. Si sayari. Nyuma kabisa ya nyota yangu ziko nyota mbili zinazozungukana na kuzibiana mwanga kwa zamu, na darubini imeziona zote tatu kama doa moja. Wakanishukuru kwa mchango wangu.

Nikaifunga simu kwenye pindo la kanga, nikaendelea na mchele. Nikajiambia, leo ni siku ya baba, nyamaza. Baba mdogo, ambaye alimcheka kaka yake kuliko watu wote, alikuwa amekaa barazani kama mwenye nyumba. Hakuuliza lolote, na mimi ningemwacha asubiri majibu hayo mpaka naye azikwe. Jina la baba lingebaki salama.

Ningeweza kabisa, kama si Mama Kabula.

Mama Kabula ni Msukuma, jirani yetu tangu nikiwa mdogo. Sisi Wazaramo ni watani wao, na mtani msibani ana ruhusa yake: anamwigiza marehemu, anamsema, anamsingizia, na mfiwa haruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye asiye na adabu. Baada ya hitima, wengi wameshashiba, akatoka ndani amevaa kanzu ya baba, kofia imemshuka hadi masikioni, miwani ya baba puani. Mkononi ana mchi wa kinu. Akakaa kwenye kiti cha baba, akaweka mchi jichoni, akauelekeza juu ya paa la choo.

"Mwanangu mie kaona dunia nyengine," akasema, na kikohozi cha baba akakiweka palepale alipokuwa akikiweka mwenyewe. "Darubini yake iko mbinguni, yeye yuko Tumbi, simu imepasuka kioo."

Watu walishika mbavu. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Na mimi nilicheka. Alikuwa baba mtupu, amekaa pale na mchi wake.

Kisha akanigeukia. "Haya mwalimu, tuambie. Sayari ya mzee ina maji? Maana bomba letu limenichosha, nataka kuhama."

Nilitakiwa niseme ina maji, tena ina mihogo, ila Wasukuma hawaruhusiwi kushuka. Tungecheka, yangeisha. Mtani anajibiwa kwa utani, hata mtoto wa hapa anajua.

Nikasema, "Haipo. Majibu yamekuja leo. Mliomcheka mlikuwa sahihi."

Mama Kabula akabaki na mchi jichoni. Aliyecheka ni baba mdogo, kule barazani, na kicheko chake hakikuwa cha utani. "Si niliwaambia?" akasema. "Mzee alikuwa anatupiga kamba." Waliokaa naye wakacheka pamoja naye, mikono yao bado ina mafuta ya pilau la marehemu.

Mama hakulia. Aliinama akaanza kukusanya sahani, akizipanga moja juu ya nyingine, hata zile ambazo watu walikuwa bado wanakula.

Mama Kabula akavua kofia, akavua miwani, akavua kanzu akaikunja taratibu. "Mimi nilikuwa namwigiza tu, mwanangu," akaniambia kwa sauti yake mwenyewe. "Wewe umemzika."

Akampa mama ile kanzu. Matanga yakiisha nguo za marehemu hugawiwa, na kanzu hiyo niliiomba mimi tangu siku ya kwanza. Mama akakubali. Leo aliisukuma ikarudi mikononi mwa Mama Kabula. "Kaa nayo wewe," akamwambia. Mimi hakunitazama.

Natamani kuandika hapa kwamba niliutetea ukweli. Nawafundisha watoto kwamba vipimo havibishaniwi. Lakini ukweli ungeweza kungoja hata mwaka. Nilisema kwa sababu walikuwa wanacheka kwa raha zao, na mimi nilikuwa nimeibeba barua ile peke yangu tangu asubuhi, nikataka na wao waumie. Tena nilikuwa na hasira na baba. Nilimpa huenda, akaifanya kiapo, kisha akaondoka akaniachia aibu.

Nimemkasirikia marehemu kwa sababu aliniamini.

Kesho narudi Tumbi. Mama hajaja kugonga mlango, na sidhani kama atakuja. Nimechungulia simu. Vipimo vipya vimeshushwa, grafu zimejaa tele, kule juu hawana habari ya msiba wa mtu. Nitaziangalia, najijua. Na iko siku nitapata ya kweli, wataalamu watathibitisha, na baba mdogo atakuwa wa kwanza kutamba kwamba huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ila kabla ya siku hiyo, wakati Wazungu hawajasema ndiyo, nani tena ataniamini?