Kompyuta Iliyosinzia kwenye Kitambaa cha Mama

Mikumi, Alhamisi usiku

Kumbe haikuwa mbovu. Nimelaumu betri, nimelaumu vumbi, nikamlaumu hata aliyetuuzia, na kompyuta ya mke wangu, Rehema, ikaendelea kusinzia kila akiandika mistari miwili. Ukiiamsha, inakaa kidogo, kioo kinazima tena.

Kesho Rehema lazima aupeleke Kilosa mtihani wa darasa analofundisha, ukachapishwe. Leo jioni alikuwa karibu kulia.

Nikaamua kuifungua. Skrubu ya kwanza ikaniponyoka, ikaangukia kitambaa kilicho chini ya kompyuta, alichotufumia mama mkwe, ikasimama wima. Nikaisukuma, ikarudi palepale.

Chini ya kitambaa kuna spika kubwa ya redio, na ndani ya spika kuna sumaku. Kompyuta ya kukunja hujua imefungwa kwa kuhisi sumaku ya kifuniko chake; hii ilikuwa inadhani imefunikwa, basi inalala! Na aliyeiweka pale ni mama mwenyewe, alipofika kutoka Vidunda, eti kitu cha thamani hakikai kwenye meza ya ugali.

Nikaihamishia mezani. Iko macho, haijasinzia tena. Ila mama mkwe nitamwambiaje...

"Mbona mmeishusha?" akauliza mama mkwe, akiingia.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Pale ilipata raha mno. Inalala kazini."

"Marahaba. Basi imekuiga wewe, baba."

Rehema alicheka mpaka akafuta swali zima.

Sasa anamalizia la mwisho. Kwenye kitambaa mama ameweka picha yangu. Amesema hiyo hata ikisinzia, hakuna kazi itakayolala.